Safu ya Jina la Baba: Kumbukumbu za Masasi na Newala katika Utafiti wa Nasaba



Mwanafunzi wa Masasi au Newala anayetaka kuandika nasaba yake hushauriwa aanze na kitabu cha ubatizo. Ushauri huo ni mwema. Hata hivyo, nadai kwamba safu anayoikimbilia kwanza, yaani ya jina la baba, ndiyo impotezayo mapema.

Wamakonde, Wamakua na Wayao wa huko, kwa desturi, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mmakonde huuita litawa, Mmakua nihimo, Myao lukosyo. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mwandishi wa misheni alipouliza, “Baba yako nani?”, alijibiwa kweli tupu, lakini kweli hiyo haikuwa jibu la swali la ukoo. Afuataye majina ya baba kizazi hata kizazi huruka kutoka ukoo mmoja hadi mwingine bila kujua. Basi msome safu ya mama, kisha majina ya wasimamizi wa ubatizo, mkiuliza kama kuna mjomba miongoni mwao.

Jina lenyewe nalo halitulii. Karl Weule, aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, alieleza kuwa vijana walipotoka unyagoni walichukua majina mapya. Ubatizo ukaongeza jingine. Mtu mmoja, basi, aweza kuonekana katika maandishi kama watu watatu.

Hapa ndipo isimu inapotufaa kuliko tunavyodhani. Mfumo asilia wa sauti za Kimakua hauna b, d wala g. Kiyao nacho hutumia l pale Kiswahili kitumiapo r. Fikirieni Mkomaindo, pale mjini Masasi ambapo misheni ilianzisha hospitali: jina la Kiyao likitamkwa na ndugu Mmakua, likaandikwa na mtu aliyesomea Kiswahili cha Unguja, litaangukia herufi gani? Atafutaye chini ya B pekee, na asipinduliepindulie chini ya P, atasema babu yake hakuandikwa. (Wapo waliokwisha kusema hivyo, hata katika tasnifu.)

Si kila pengo ni la tahajia. Makazi ya misheni ya UMCA yaliyoanzishwa Masasi na Askofu Steere mwaka 1876 yalishambuliwa na Wamagwangwara mwaka 1882, na misheni ikachomwa tena katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Barua na taarifa zilizopelekwa Uingereza ndizo zilizonusurika. Leo nyaraka za misheni hiyo zimo katika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Vitabu vya wilaya vya serikali ya Waingereza vina nasaba za watawala. Visomwe kwa tahadhari: utawala wa kupitia wenyeji ulipoingia katika miaka ya 1920, kumtaja babu fulani kulikuwa ni kudai cheo.

Wenye kazi ngumu kuliko wote ni wazao wa watumwa waliokombolewa, ambao Steere alifika nao kutoka Unguja. Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890 na kuhudumu Chitangali, alikuwa Myao aliyekombolewa angali mtoto. Jina Majaliwa ni la Kiswahili, wala halitaji kijiji wala ukoo. Kwa familia za namna hiyo maandishi huanzia Unguja, na yaliyotangulia hayamo kitabuni. Baadhi ya wazee hawapendi kuulizwa, maana neno mtumwa lingali lauma. Msiwaanze kwa neno hilo. Waulizeni nihimo au lukosyo ya bibi mzaa mama, ni nani aliyeitamka mara ya mwisho katika msiba, na watu wa nyumba gani waliitika. Yaandikeni majina hayo kama yalivyotamkwa, kabla ya kuyasahihisha.