Kabla ya kununua gari ya umeme, hesabu saa za umeme wa avenyu yako

Maneno tuliyowaambia wamotari, mashofere wa taksi na vijana wanaopeleka bidhaa, wa Ibanda, Kadutu na Bagira



Tunajua saa moja ya kukaa hapa ni kozi tatu zimepotea, na verseman ya jioni haingojei mtu. Kwa hiyo hatutazunguka.

Tuliitana juu ya swali moja ambalo mmetuuliza mara mingi: gari ya umeme ya bei ndogo, ya kufanya taksi ao kupeleka bidhaa, tuchukue gani? Kila siku picha zinapita kwenye simu zetu. Nissan Leaf kutoka Dubai. Gari ndogo ya Kichina. Pikipiki isiyo na sauti kutoka Kigali. Chini ya picha wameandika paka maneno matatu: hakuna mafuta tena. Kijana aliyepanga foleni kwa pompe tangu asubuhi, ao aliyenunua chupa kwa Kadhafi na kukuta imechanganywa, akisoma vile anaenda kuomba deni siku hiyo hiyo.

Tuanze na kosa letu wenyewe, juu tusifundishe watu kama vile sisi hatukosei. Vijana watano kati yetu walicheza likelemba mwaka muzima, wakanunua pikipiki moja ya umeme ya kupeleka chakula. Muuzaji aliwaambia inatembea vizuri, na hapo hakudanganya: ilipanda Nyamugo bila kulia. Kile hakuwaambia ni kwamba batri haikuwa ya kwao. Ilikuwa ya kukodisha, inabadilishwa kwenye kituo, na kituo cha karibu kiko ng'ambo ya Ruzizi. Chaja ya nyumbani hakuna. Siku 9 waliivusha mpaka kila asubuhi kwenda kubadilisha batri. Siku ya 10 walihesabu saa zilizopotea kwenye foleni na makaratasi, wakaona wanafanya kazi ya bure. Leo iko kwenye kiwanja cha mama wa mmoja wao, kuku wanalala juu yake, na deni bado linalipwa.

Njo maana jibu letu la kwanza si jina la gari. Ni swali: umeme wa kwako unakuja saa ngapi, na unakaa saa ngapi?

Tufanye hesabu pamoja, polepole. Leaf za kwanza, zile zilizoanza kuuzwa mwisho wa 2010, zilitoka na batri ya kilowati-saa 24. Hizo ndizo zinafika kwetu kwa bei ambayo kijana anaweza kuota. Lakini batri ya Leaf haina maji ya kuipoza, na ikiishi miaka mingi kwenye nchi ya joto, inachoka. Kwenye tablo kuko vistari 12 vidogo, pembeni ya vile vya chaji, vinavyoonyesha afya ya batri. Ukikuta vimebaki 8, weka kwa kichwa kwamba uko na kilowati-saa karibu 16, si 24. Kwenye barabara nzuri, kilowati-saa moja inakupeleka kilomita 6. Kwetu, na mashimo, na abiria wanaobanana, na mlima wa Kadutu, hesabu 5. Hiyo ni kilomita 80 ukiikausha kabisa, na hakuna shofere mwenye akili anayekausha batri akiwa na mteja ndani.

Sasa kuijaza. Prizi ya nyumba, volti 220 na ampea 10, inatoa kilowati 2 na kidogo. Kujaza zile 16 ni saa 8. Nani hapa anapata umeme saa 8 mfululizo kila usiku? (Tulipouliza hivyo ukumbini, mikono miwili iliinuka, na mmoja alikuwa anafanya mzaha.) Ukipata saa 3, umepata kilowati-saa 6, ni kilomita 30. Saa nne ya asubuhi kazi yako imeisha, na deni bado liko macho.

Hatusemi hivi kwa kuvunja watu moyo. Umeme, pale unapokuwako, unashinda mafuta. Taksi ya zamani inakula lita 9 ao 10 kwa kilomita 100 za mujini. Gari ya umeme, kwa kilomita hizo, inakula kilowati-saa 20 hivi. Chukua bei ya lita ya leo, chukua bei unayolipa kwenye kashi pawa, zidisha mwenyewe. Tena hakuna oili ya motere ya kubadilisha, hakuna ambreyaji ya kuungua kwenye mlima. Na milima yetu inarudisha kitu: ukishuka, gari inatumia motere kujizuia, na umeme kidogo unarudi kwenye batri. Kidogo. Muuzaji akikuambia unarudi wote, mkimbie.

Watu wanatuuliza: mbona Kigali inawezekana? Kweli, inawezekana. Kampuni ya Ampersand ilianza huko 2019 na pikipiki za kubadilisha batri, na serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya taksi inayoandikishwa Kigali iwe ya umeme. Lakini muangalie kile kilikuja kwanza: vituo. Motari anafika, anaacha batri tupu, anachukua iliyojaa, dakika chache, anaendelea. Hakununua batri, hatafuti prizi. Nairobi vilevile, NopeaRide ilianzisha taksi za Leaf 2018 ikiwa na vituo vyake vya kuchajia. Mwisho wa 2022 ikafunga, juu pesa ya kuiendeleza ilikosa. Mwaka uliofuata Uber ilileta pikipiki za umeme katika muji ule ule. Sisi huku hata Uber hatuna. Tuko na WhatsApp, na namba iliyoandikwa "Motari Panzi 2" kwenye simu ya kila mama.

Kwa hiyo pikipiki ile ile inayomlisha motari wa Kigali inaweza kumfilisi motari wa Bukavu. Hakuna kosa la pikipiki hapo.

Kuko jambo lingine ambalo wauzaji hawasemi, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Gari inavuta umeme mwingi saa 8 bila kupumzika, sawa vile mtu ameacha pasi mbili zinawaka usiku kucha. Kwenye avenyu zetu mingi waya ni nyembamba, zimeunganishwa na vidole, nyumba sita kwenye konteri moja, mbao juu ya mbao. Sote tumekwisha kukimbia na ndoo usiku huko Kadutu, tunajua moto unaanza namna gani na tunajua gari ya kuzima moto inafika saa ngapi. Ukichomeka gari kwenye waya wa namna ile, umeweka usingizi wa avenyu nzima kwenye prizi yako. Kama hauna waya yako mnene, inayotoka moja kwa moja kwa konteri, na disjonktere yake, gari isichaji kwako. Lipa fundi kwanza. Kama pesa ya fundi haipo, pesa ya gari nayo haijafika.

Basi, tuchukue nini? Haya ni maoni yetu, na mtu anaweza kuyakataa.

Kwa wengi waliokaa hapa, leo, ni pikipiki na si gari. Batri yake ni ya kilowati-saa 2 ao 3, na kwa kilomita 100 inakula kama 4 tu. Zile saa 3 za umeme ambazo zilikupa kilomita 30 za gari, na chaja ndogo ya wati 600, zinakupa kilomita 40 na zaidi za pikipiki, na waya haupati joto. Batri inatoka, unaibeba mkononi, unaichaji kwa rafiki wa kartie ingine ambako umeme umerudi. Hata jua linatosha: plake 4 za wati 300, siku ya jua zuri, zinatoa kilowati-saa 4 na kitu. Kwa hizo pikipiki inashiba. Gari inaonja tu. Lakini batri iwe yako, imeandikwa kwenye karatasi kwamba ni yako, na chaja iwe ya prizi ya kawaida. Kama muuzaji anasema "tutaleta kituo Bukavu hivi karibuni", mwambie na wewe utaleta pesa hivi karibuni.

Gari tunamshauri mwenye umeme wa saa 6 mfululizo karibu kila usiku, ao mwenye kukodi nafasi kwenye kiwanja chenye umeme wa namna hiyo. Kama ni Leaf, tafuta ya vistari 10 kwenda juu, ao zile za 2016 zilizotoka na batri ya kilowati-saa 30. Usiamini vistari peke yake, juu kuko mafundi wanaojua kuvidanganya. Kuko kifaa kidogo kinachomekwa chini ya usukani na kusoma batri kwenye simu. Kikundi cha watu kumi wanaweza kukinunua pamoja. Muuzaji akikataa kifaa hicho, jibu umelipata. Gari mpya ndogo za Kichina, kama BYD Seagull ya 2023 yenye batri ya kilowati-saa 30, zina batri inayovumilia kujazwa mara mingi. Lakini zile zilizotengenezwa kwa soko la China mara mingi zinakuja na tundu la chaji la Kichina na maandishi ya Kichina kwenye skrini. Omba kuona kebo na kuichomeka mbele yako kabla ya kutoa hata dola moja. Na mkumbuke, gari ya umeme iko pia na batri ndogo ya volti 12 kama gari zingine. Hiyo ikikufa, gari haiamki kabisa, na fundi wa haraka atakuambia batri kubwa imekufa ili ulie na kulipa.

Kwa wanaopenda kuposti kwamba bila kobalti ya Kongo hakuna gari ya umeme duniani: ni kweli nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote. Lakini batri ya gari mpya ndogo za Kichina kama Seagull ni ya chuma na fosfati. Haina kobalti hata gramu. Wandugu wa Kolwezi wanapaswa kulizungumza mapema, lakini hiyo ni siku ingine.

Kile kinachotuchoma ni kingine. Ruzizi inatoka kwenye ziwa hapa hapa, mbele ya macho yetu. Ruzizi I inafanya kazi tangu 1958, karibu megawati 30. Ruzizi II tangu 1989, karibu 44, na hiyo tunagawana na Rwanda na Burundi. Wazazi wetu walikuwa wangapi Bukavu mwaka 1958? Ruzizi III tunaisikia tangu tuko watoto. Na zile mashine za zamani zinazibwa na chupa za plastiki: tunatupa kwenye mitaro, mvua inazishusha ziwani, maji yanazipeleka mpaka kwenye barazhi. Tunakaa karibu na maji yanayotengeneza umeme, halafu kijana anauliza achaji wapi.

Kuanzia Jumatatu tunafanya kazi moja. Kila aliye hapa achukue daftari, siku 30, aandike: umeme ulikuja saa ngapi, ulienda saa ngapi, avenyu gani. Jina lako si lazima, avenyu ni lazima. Usiku ukilala, mwambie anayeamka mapema aangalie. Tutaunganisha kurasa zote, nakala moja tutaipeleka SNEL na ingine kwa meri, tukidai ratiba ya delestaji iliyoandikwa na inayofuatwa, kartie kwa kartie. Nakala ya tatu itabandikwa kwenye parkingi, ili mwenye kutaka kununua aisome kabla ya kuomba deni.

Wale vijana watano wenye pikipiki ya kuku wako mezani pale mlangoni. Wamechapisha kurasa zenye mistari tayari. Mkitoka, kila mtu achukue moja, na mwenye avenyu ambayo haina mtu humu achukue mbili.