Protini ya Spirulina: Tuelewe Kabla ya Kuchanga Mtaji



Swali lililoletwa mbele yetu ni kama chama chaweza kulima spirulina na kuviuzia viwanda vya vyakula protini yake. Kwa kuwa jambo hili lagusa fedha za wanachama, lastahili jibu kamili.

Spirulina ni mwani mdogo mno, uotao katika maji ya magadi. Ndio chakula cha heroe wa Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria. Kando ya Ziwa Chad, wanawake wa Kikanembu huuvuna, wakaukausha mchangani na kuupikia mchuzi. Ukiisha kukauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini.

Viwanda huitakia nini protini hiyo? Mafuta na maji hayapatani. Katika maziwa vitu hivyo hukaa pamoja kwa sababu protini huvizunguka vitone vya mafuta, visipate kushikamana. Protini ya mwani yaweza kufanya kazi hiyo hiyo katika mayonezi isiyotiwa yai.

Kuitoa kwataka hatua nne. Kwanza, mwani hupasuliwa ndani ya maji yenye ukali kama wa magadi, protini ikayeyuka. Pili, makapi hutengwa kwa mashine izungukayo kwa kasi. Tatu, hutiwa asidi, na protini huganda kama maziwa yaliyochacha. Nne, huoshwa, ukali wake ukasawazishwa, kisha hukaushwa.

Ndugu zangu, hasara hujificha katika joto. Protini iliyopata moto mkali yaweza kubaki chakula, lakini haiyeyuki vema, na isiyoyeyuka haishiki mafuta. Kwa hiyo mwani uliounguzwa juu ya bati hauwezi kupata bei ya kiwanda, hata mashine iwe nzuri namna gani. Ubora huanzia bwawani na kwenye chanja cha kukaushia.

Tena, tusidanganyike kuchota mwani ziwani. Katika maji ya Nakuru na Bogoria wataalamu wamekuta sumu zitokanazo na viumbe wa jamii hiyo hiyo. Mwani wa kuuza ulimwe bwawani kwa mbegu safi, na kila mavuno yapimwe maabara.

Ushauri wangu ni huu: chama kianze na bwawa dogo, kikaushe kwa joto la kiasi, na kiuze unga wa chakula. Mashine za kutolea protini zisinunuliwe mpaka mnunuzi awe ametia sahihi mkataba, na gharama za umeme, maji na vipimo ziwe zimeandikwa vitabuni. Makatibu, leteni hesabu hizo mbele ya mkutano mkuu kabla ya kuomba mkopo. Mwenda pole hajikwai.