MAZUNGUMZO: NYONGEZA YA MSHAHARA NA HESABU YA KAZI



Tarehe 1 Mei, 2025, katika sherehe za Siku ya Wafanyakazi mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma wa Serikali ya Muungano kitapanda kutoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai, 2025. Ongezeko hilo ni asilimia 35.1. Utumishi wa Zanzibar una viwango vyake, lakini hoja inayofuata nyongeza ya namna hiyo ni moja kila mahali. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zatoa mfano mzuri.

Mtumishi ana hoja yake. Kuanzia 2016 nyongeza za jumla zilisimama kwa miaka kadhaa. Zilipotolewa mwaka 2022, kima cha chini kilipanda kwa asilimia 23.3, na wengi wakadhani kila ngazi itapata kiasi hicho. Mishahara ya Julai ilipotoka, wa ngazi za juu walikuta nyongeza ndogo, yakazuka manung'uniko.

Mkulima naye ana hoja yake. Huko Karagwe na Kyerwa watu huishi kwa kahawa na ndizi. Mkulima hana kima cha chini, na kahawa yake hutozwa ushuru. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera, dawa ya dukani haikuwapo. Kinga ilikuwa elimu: kung'oa migomba iliyougua, kusafisha visu na mapanga, na kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu. Elimu hiyo huletwa na bwana shamba. Kwa hiyo mkulima haulizi bwana shamba analipwa kiasi gani. Huuliza alifika lini.

Hata hivyo, bwana shamba asiye na pikipiki, au mwenye pikipiki isiyo na mafuta, hawezi kuvifikia vijiji vya milimani. Kumhukumu peke yake si haki.

Utaratibu wa kupima kazi upo. OPRAS ulianza mwaka 2004, na PEPMIS, unaotumia kompyuta, ukashika nafasi yake miaka ya karibuni. Lakini mapatano ya kazi hufanywa baina ya mtumishi na mkuu wake. Anayehudumiwa hayumo.

Dawa yake si ngumu. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukutana kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Hapo hapo isomwe pia hesabu ya kazi: bwana shamba aeleze alikokwenda, alichoahidi na kilichomshinda, halmashauri nayo ieleze ilimpa mafuta na vifaa gani. Wananchi wakubali au wakatae, na maneno yao yaandikwe na kufikishwa kwa anayempima mtumishi.

Kwa Unguja na Pemba, mahali pa hesabu hiyo ni shehia. Mtumishi aliyefanya kazi yake atapata mashahidi wa kumtetea anapodai nyongeza, na Serikali iliyomnyima vitendea kazi haitaweza kumtupia lawama zote.