Chumba cha Kusomea kwa Watu Walio Kazini
(Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano wa mwaka, Sanya Juu)



Tumezoea kusimama hapa kuomba madawati na mabati. Leo tunaomba kwa ajili ya watu wazima, na tunajua wapo watakaouliza kwa nini tumchangie mtu mwenye mshahara.

Tunamzungumzia muuguzi mwenye cheti anayetaka stashahada lakini hawezi kuacha zamu. Tunamzungumzia mwalimu wa shule ya msingi, na karani wa chama cha ushirika ambaye hesabu zake zimehamia kwenye kompyuta. Hawa wakienda chuo cha kulala, nyumba inasimama. Ndiyo maana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992, kinawafaa wengi wao: masomo yako kwenye mtandao, na kituo cha mkoa kipo Moshi.

Mwaka jana tulikosea. Tulidhani shida ni ada. Tukachangia ada za wenzetu saba, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Kufikia Juni wanne walikuwa wameacha. Tulipowatembelea, hakuna aliyelalamikia ada. Mmoja alikuwa akiandika kazi ya kurasa kumi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mama mmoja alinunua bando la usiku kwa sababu ni nafuu, akawa anaamka saa sita usiku kupakua masomo, na saa kumi na moja yuko zizini anakamua. Alivumilia hivyo miezi mitatu. Sisi tusingemaliza wiki. Mwingine alisema tu: "Sina wa kumuuliza."

Neno hilo lilimgusa mzee mmoja wa kamati. Akatukumbusha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, 1973, iliyofikia watu wapatao milioni mbili. Watu hawakusikiliza kila mmoja chumbani kwake. Walikusanyika kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Basi tunachoomba ni chumba. Ofisi yetu ina chumba cha nyuma kilichojaa viti vibovu. Tunataka kompyuta sita, intaneti ya mwezi mzima, betri ya kutusaidia umeme unapokatika, na posho ndogo ya kijana aliyemaliza chuo, akae pale jioni tatu kwa wiki na Jumamosi. Ada hatutalipa tena. Kila mwanafunzi atalipa yake. Wapo kwenye kamati wasiokubaliana na hilo, na mnaweza kuwauliza.

Watatu waliobaki bado wanasoma. Wawili kati ya walioacha wamesema watarudi chumba kikifunguliwa, kwa hiyo ahadi za leo tunaomba zilipwe kabla ya mwisho wa Februari. Mwenye kompyuta mpakato iliyolala kabatini asione haya kuileta, ila tafadhali iwe inawaka. Mhazini yuko kwenye meza ya karibu na mlango, na kitabu cha stakabadhi anacho.