Fezi: Neno la Mwezi Lililohamia Eastlands



Panda matatu ya 58 mjini, mwambie makanga kwamba unashukia Phase 3. Hatakuuliza Phase 3 ya nini. Atachukua nauli na kuendelea na kelele zake. Mwambie maneno hayo hayo Mwingereza asiyewahi kufika Nairobi, naye atakutazama akingoja umalizie. Kwake neno phase ni kipande cha wakati: mradi una phase zake, ugonjwa una phase zake, na kijana wa miaka kumi na minne anayebamiza milango yuko katika phase ambayo wazazi wanaomba ipite haraka. Hakuna anayekaa humo. Huku kwetu lina geti, lina duka la kona, na lina watu waliozaliwa humo wakazaa humo humo. Kuanzia sasa nitaliandika fezi, kama linavyosikika garini.

Nimekuja na dai moja. Fezi ya Buruburu, mtaa wetu huu wa Eastlands, Nairobi, si awamu. Ni neno jingine, limezaliwa hapa, na anayelitafsiri kwa awamu analipoteza.

Lakini tulifuate kwao kwanza, maana njia lililopita ina mambo. Wagiriki wa kale walikuwa na kitenzi phainein, kuonyesha au kudhihirisha, na kutokana nacho wakapata nomino phasis, kuonekana. Wanajimu wao walilitumia kwa nyota au sayari inapojitokeza tena baada ya kufichwa na mwanga wa jua. Klaudio Ptolemaio wa Aleksandria, katika karne ya pili, aliandika kitabu kuhusu kuchomoza na kuzama kwa nyota na kukiita Phaseis. Kwa hiyo maana ya kwanza ya neno hili haina hatua wala mpango. Ni tukio la jicho: kitu hakikuwapo, sasa kinaonekana.

Mswahili hahitaji kufundishwa jambo hilo. Jioni ya mwisho wa Shaabani watu wa pwani hutazama magharibi, na huku Nairobi Waislamu wa mitaa hii huketi karibu na redio wakingoja tangazo la Kadhi Mkuu. Swali huwa moja tu: mwezi umeonekana? Hiyo ndiyo phasis kamili, bila kupunguza wala kuongeza. Mwezi wetu huandama, huwa mchanga, hupevuka, kisha hufa, na kila hali ina neno lake kwa sababu kila hali huonekana kwa namna yake. Wazungu waliokuwa wakiandika kwa Kilatini cha kisayansi waliziita hali hizo phases. Galileo alipoelekeza darubini kwenye Zuhura mwaka 1610 na kuona kwamba nayo hukua na kupungua kama mwezi, alipata moja ya hoja kubwa za kuonyesha kwamba sayari ile hulizunguka jua.

Hapa pana kituko cha sarufi ninachokipenda sana. Umoja wa phases ulikuwa phasis. Waingereza waliposikia wingi wake wakaona ile s ya mwisho, wakadhani ni s yao ya wingi, wakaing'oa. Likabaki phase. Neno la umoja likazaliwa kutoka kwenye wingi, na Kifaransa, kilichokuwa na phase yake, kikasaidia kulithibitisha. Msiwacheke. Sisi tulipokea kitab kutoka kwa Waarabu, tukaona ki- yetu, tukatoa vitabu. Watanzania walisikia amri ya Kiingereza ya kumtaka dereva apite kushoto, keep left, wakapata kipilefti na wingi wake vipilefti. Soksi tumeichukua ikiwa na wingi wa Kiingereza ndani yake, na tunasema soksi moja bila haya. Neno likivuka mpaka hukaguliwa na sarufi ya wenyeji, na sarufi hiyo haiulizi lilikotoka.

Kutoka mwezini hadi maishani hapakuwa mbali. Kufikia karne ya 19 Kiingereza kililitumia kwa hatua yoyote ya kitu kinachobadilika. Fizikia ikalichukua kwa mawimbi, na kutoka huko likafika kwenye umeme. Fundi wa Nairobi anayewekea mtu kinu cha posho atamwambia anahitaji stima ya fezi tatu, wakati mwenzake wa Tanzania atasema umeme wa njia tatu. Likumbukeni neno hilo, fezi tatu, nitalirudia.

Wanafunzi wangu hulichanganya na pacha wake wa bandia. Kiingereza kina kitenzi faze, kumbabaisha mtu, nacho hutamkwa vilevile ingawa hakihusiani kabisa na Ugiriki wala mwezi. Kilitoka kwenye kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kufukuza, kikadumu katika lahaja, kikapata umaarufu Marekani. Siku hizi hata wenye lugha yao huandika unphased wakimaanisha mtu asiyebabaika. Kwa hiyo msione aibu.

Sasa tuje nyumbani. Mitaa jirani ya zamani ilipewa majina yenye historia ndani yake. Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kile kile kilichoiachia Dar es Salaam Kariakoo. Ofafa inamkumbuka Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953, na Mbotela inamkumbuka Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka mmoja kabla yake. Jericho na Jerusalem zilitoka katika Biblia. Kisha, katika miaka ya 1970, ikaanza Buruburu, na vijitaa vyake vikapewa nambari.

Sababu ni fedha. Mitaa ya zamani ilijengwa na baraza la jiji au mwajiri, na mkazi alilipa kodi. Buruburu ilikusudiwa kununuliwa na watu wa mshahara: walimu, makarani wa benki, watumishi wa serikali. Mtaji mkubwa ulitoka kwa Commonwealth Development Corporation, shirika la serikali ya Uingereza, lililokuwa pia mbia wa serikali ya Kenya katika Housing Finance Company of Kenya tangu mwaka 1965. Fedha za namna hiyo haziji kwa mkupuo. Hujengwa kundi la nyumba, zikauzwa kwa mkopo wa miaka mingi, kisha likafuata kundi jingine. Katika majalada ya wahandisi kila kundi liliitwa phase, na lilikuwa neno la haki kabisa: hatua ya kwanza, ya pili, hadi ya tano, iliyofika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kwa desturi ya wahandisi, jengo likikamilika neno hilo hufa. Hakuna anayekwambia anafanya kazi katika hatua ya pili ya jengo la KICC. Huku neno halikufa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameandaa jina jingine la kuwekwa pahali pake. Mnunuzi alikabidhiwa ufunguo na karatasi, na karatasi ikasema Phase 2. Akawaandikia ndugu zake barua: nimepata nyumba Phase 2. Neno la ofisini likawa anwani, likiwa na paa lake la vigae vyekundu.

Wala si Buruburu peke yake. Dandora, iliyoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ina fezi zake tano, na humo ndimo walimotoka Kalamashaka, kundi lililofanya rap ya Kiswahili isikike kote nchini. Huko mtu hakupewa nyumba, alipewa kiwanja chenye maji na choo akajenge mwenyewe. Komarock ina fezi. Donholm ina fezi. Umoja ilikwenda mbali zaidi: kuna sehemu inaitwa Innercore, msamiati mtupu wa meza ya mchoraji ramani, na watoto wanaolitamka wakicheza mpira hawashughuliki kujua kiini hicho ni cha kitu gani.

Linganisheni na Tanzania. Huko awamu ni rais. Awamu ya tano ni Magufuli, ya sita ni Samia, na mtu akisema mambo yalikuwa hivi awamu ya nne, ametaja enzi ya Kikwete. Wakati umebaki wakati. Awamu huisha, na inayofuata huanza pale iliyotangulia ilipokoma. Fezi zetu haziondoani. Zote tano zipo asubuhi hii, zimepakana kwa ua na barabara, na baadhi zina uhasama wa kandanda ambao sitaugusa mbele ya hadhara hii.

Ushahidi wa mwisho uko kwenye nambari, na ndio unaonishawishi zaidi. Awamu hutaka mpangilio: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa nionyesheni mkazi wa Buruburu anayesema anaishi fezi ya tatu. Akisema hivyo tutajua ni mgeni, au ni mwalimu wa Kiswahili. Wala hatasema fezi tatu, kwa kuwa hizo ni fezi zaidi ya moja, au ni ile stima ya kinu cha posho. Husema Fezi Thrii. Nambari imebaki ya Kiingereza kwa sababu si nambari tena. Ni sehemu ya jina, na haihesabu chochote. Ndiyo maana anayeandika gazetini kwamba wizi umetokea awamu ya tatu ya Buruburu anampeleka msomaji kwenye ratiba ya ujenzi iliyofungwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita, wakati jirani anataka kujua ni geti lipi.

Na nyumba zenyewe hazikukubali kuwa hatua iliyokamilika. Tembeeni Mumias South Road mtazame. Ua wa mbele umekuwa saluni, gereji imekuwa duka, na juu ya nyumba ya familia moja zimepanda ghorofa za kupangisha. Mchoro ulisema kazi imekwisha. Wenye nyumba wakaendelea kujenga, bila kuzipa hatua zao nambari yoyote.

Kwa wahariri wa kamusi waliomo ukumbini, nimeandaa ingizo. Fezi, nomino, ngeli ya i-/zi-: kwanza, sehemu ya mtaa wa makazi yenye jina la nambari, pili, njia ya umeme. Maana ya hatua naiachia awamu, inaifanya kazi hiyo vizuri. Linalonisumbua ni mfano wa matumizi, kwani kamusi ya Kiswahili Sanifu haitapenda kuandika Thrii. Nimeandika hivi: Walihama Fezi Wani wakanunua Fezi Faivu. Mhariri atakayebadilisha kuwa fezi ya kwanza na fezi ya tano, naomba kabla ya hapo apande 58 akajaribu kushuka.