MRIJA WA KUPUNGUZIA MAJI YA BWAWA
(Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Bwawa ni neema, lakini maji yaliyokusanywa juu ya makaazi ya watu ni amana yenye kuhitaji uangalizi. Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, ukuta wa bwawa la shamba huko Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, ulibomoka na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Tarehe 1 Agosti, 2019, njia ya kutolea maji ya ziada katika bwawa la Toddbrook, Uingereza, iliharibika. Wakaazi zaidi ya 1,000 wa mji wa Whaley Bridge walihamishwa, maji yakapunguzwa kwa pampu kubwa, na tarehe 7 Agosti wakaruhusiwa kurejea majumbani. Ukuta unapotiliwa shaka, watu huondoshwa njiani na maji hushushwa.

Mabwawa mengi madogo ya udongo hayana bomba la chini la kutolea maji, na kuuchimba ukuta uliokwisha dhoofika ni kuongeza hatari. Hapo ndipo inapofaa sifoni, yaani bomba linalopita juu ya ukuta na kuteremka upande wa pili. Kanuni yake ni ile ile ya kuhamisha mafuta ya taa kutoka pipani kwa mpira. Likishaanza kutiririsha, halihitaji injini wala mafuta.

Katika kulisanifu, mambo yafuatayo huzingatiwa:

(a) Uzito wa hewa hauwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi. Kwa vitendo, kutoka usawa wa chini unaokusudiwa hadi kilele cha bomba pasizidi mita 6 au 7.

(b) Bomba liwe gumu, lisibonyezwe na hewa ya nje, na viungo vyake visipitishe hewa. Hewa ikiingia, mkondo hukatika.

(c) Kabla ya kuanza, valvu za ncha zote mbili hufungwa, bomba hujazwa maji kupitia tundu la kileleni, kisha tundu huzibwa na valvu hufunguliwa.

(d) Mdomo wa kuingizia uzame vya kutosha na uwekewe wavu. Mdomo wa kutolea uwe chini ya usawa wa maji ya bwawa, na maji yaangukie juu ya mawe, mbali na kitako cha ukuta.

Kwa mfano, bomba la kipenyo cha milimita 300 na urefu wa mita 50, lenye tofauti ya kimo ya mita 4 baina ya usawa wa bwawa na mdomo wa kutolea, hutoa takriban lita 250 kwa sekunde. Bwawa la hekta 2 lisiloingiza maji mapya litashuka karibu mita 1 kwa siku ya kwanza, na mwendo hupungua kadiri maji yanavyoshuka.

Hata hivyo, haraka nayo ina madhara. Udongo uliolowa, ukiondokewa ghafla na maji yaliyouegemea, huweza kuporomoka kwa upande wa ndani. Kwa hiyo mhandisi ndiye anayepanga kasi, na valvu ya kutolea ndiyo inayoidhibiti.

Inasisitizwa kuwa bomba, valvu na hesabu zake vitayarishwe kabla ya masika. Maji yakimwagika hayazoleki.