Mtoto Alifariki Lini? Kuchukua na Kuwasilisha Historia ya Uzazi Katika Wodi Zetu za Bukavu



Kwenye fishi zetu historia ya uzazi inaandikwa kwa herufi chache: G ni mimba zote, P ni mara alizozaa, A ni mimba zilizoharibika au kutolewa, D ni watoto waliofariki. Asubuhi kwenye kikao cha stafu mwanafunzi anasimama, anasoma "G4 P3 A0 D2", kisha anarukia presha. Mimi nasema mama huyo bado hajawasilishwa.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 28 kutoka Walungu, mimba ya wiki 38, uchungu umeanza usiku. Mwulize mimba moja moja, kuanzia ya kwanza, na kwa kila moja: ilifika miezi mingapi, uchungu ulichukua muda gani, alizalia wapi, mtoto alilia, yuko wapi sasa. Wa kwanza alitoka amekufa baada ya uchungu wa siku mbili. Wa pili alizaliwa wa miezi saba, mdogo, na yuko hai. Wa tatu alitolewa kwa upasuaji, akafa kwa surua akiwa na miaka miwili. Vifo ni viwili na vyote vimeingia kwenye D, lakini kile cha surua hakihusiani na nyonga ya mama. Cha kwanza ndicho kinachotutisha: mtoto aliyetimiza miezi alikwama, na aliyepita alikuwa mdogo. Ukiongeza kovu la upasuaji, huyu si mama wa kuachwa kitandani hadi mchana tukisubiri njia ifunguke.

Kovu nalo linaulizwa. Alipasuliwa kwa sababu gani? Baada ya uchungu wa muda gani? Alipata homa, kidonda kilitoa usaha? Aliambiwa lolote kuhusu uzazi unaofuata? Mshono wa ngozi hauonyeshi mfuko wa uzazi ulikatwa vipi, kwa hiyo tafuteni karatasi ya hospitali alikopasuliwa.

Kuhusu tarehe, kanuni ya Naegele tunaijua: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudisha miezi 3. Machi 10 inatupa Desemba 17. Kanuni hii inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Haimfai aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, kabla hedhi haijarudi, wala aliyetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango. Asiyekumbuka tarehe asikaripiwe. Mwulize kama ilikuwa kabla au baada ya sikukuu ya uhuru ya Juni 30, ya shule kufunguliwa, au ya maharage kuvunwa. Kisha andika kwamba tarehe ni ya makadirio, maana wiki 38 za kukisia zikisomwa kama za hakika zinaweza kututolea mtoto ambaye hajakomaa.

Kwa anayevuja mkojo, historia ikichukuliwa vizuri hutangulia kukuonyesha pa kutafuta tundu (fistula). Aliyekaa na uchungu siku mbili au tatu, mtoto akafa, kisha akaanza kuvuja siku kadhaa baada ya kujifungua, ana sehemu iliyokufa kwa kubanwa na kichwa cha mtoto. Aliyeanza kuvuja baada ya upasuaji, huku bado anakwenda haja ndogo kama kawaida, huenda mrija wa kutoka kwenye figo ndio ulioguswa. Swali la "mama, bado unakojoa mwenyewe?" halichukui hata dakika moja. Mwulize pia ameshafanyiwa matengenezo mara ngapi.

Kuna lingine ambalo mji huu hauwezi kulikwepa. Daktari Mukwege alipoanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 alikusudia kuokoa kina mama wanaojifungua, lakini mgonjwa wa kwanza kufanyiwa upasuaji alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Tangu hapo hakuna historia ya magonjwa ya wanawake Bukavu inayoweza kudhani kwamba ukatili haupo. Kwa hiyo mume na mama mkwe watoke nje kwa heshima, hata kama ndio waliolipa usafiri. Ukimwuliza "uliwahi kutoa mimba?" mbele ya mama mkwe, jibu ni hapana siku zote. Aliyebakwa asilazimishwe kusimulia tena kwa kila anayeingia zamu. Tunachohitaji kwanza ni saa zilizopita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72.

Wasilisho la mama wetu wa Walungu liwe hivi: "Miaka 28, mimba ya nne, wiki 38 kwa makadirio, mtoto hai mmoja. Mtoto wa kwanza alikufa katika uchungu wa siku mbili. Wa tatu kwa upasuaji, sababu haijulikani. Ana uchungu tangu saa sita usiku. Naomba tuamue sasa kama anakwenda kwenye upasuaji." Sentensi chache tu, na mkubwa wa zamu anajua anaulizwa nini.

Mengine, ya kubakwa, ya virusi, ya mimba iliyotolewa, yazungumzwe kwenye chumba cha stafu, mlango ukiwa umefungwa. Tunapozunguka vitandani tunajificha kwenye Kifaransa, na mgonjwa wa kitanda cha pili amesoma hadi sekondari.